Watoto Hawa Hawakuja Jana

Nakuru kuna maneno yanayosemwa kwa uhakika mkubwa kuhusu usonji, na wanaoyasema ni watu wa kila aina: mchungaji madhabahuni, mwalimu mkuu anayemnyima mtoto nafasi, muuzaji wa duka la dawa, shangazi katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Wanasema usonji ni ugonjwa mpya. Zamani haukuwepo, na wazee wetu hawakuujua. Umeletwa na maisha ya kisasa: chanjo, Panadol, simu, vyakula vya madukani, akina mama wa siku hizi wasiokaa na watoto wao. Ni ugonjwa wa wazungu, nasi tumeupata kwa kuwaiga.

Nimeyasikia Free Area na Kaptembwo, Njoro na Molo, kwenye matanga na kwenye foleni ya hospitali. Nayapinga kwa sababu humgeuza mzazi kuwa mshtakiwa na mtoto kuwa ushahidi wa kosa lake.

Kwanza niyaeleze kwa haki, maana wanaoyasema si wajinga wala si watu wabaya. Shosho wa miaka 80 aliyelea watoto tisa kule Bahati anasema kweli anaposema hakuwahi kusikia neno usonji. Mama anasema kweli anaposimulia kwamba mwanawe alikuwa tayari anaita "mama" na "maji", halafu alipofika mwaka mmoja na nusu maneno yakakatika. Takwimu za Marekani zinapanda kweli. Na mtoto anayeshinda akitazama katuni kwenye simu huweza kuchelewa kusema. Yote hayo nayakubali. Ninalokataa ni hitimisho linalotolewa humo.

1. "Zamani hawakuwepo"

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, wenye hali ambayo vitabu vya wakati huo havikuwa na mahali pa kuiweka. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika kuhusu wavulana wanaofanana nao mjini Vienna. Miaka karibu 20 kabla yao, mwaka 1925, daktari wa Kisovieti aitwaye Grunya Sukhareva alikuwa amekwisha kuwaeleza wavulana sita wa namna hiyo, na karibu hakuna aliyemsoma.

Hakuna mtu Baltimore anayeamini kwamba usonji ulizaliwa siku Kanner aliposhika kalamu. Hata baada ya hapo, kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani hakikuutaja kama hali inayojitegemea hadi toleo la 1980. Kabla ya mwaka huo watoto hawa waliwekwa fungu moja na skizofrenia ya utotoni. Ikiwa madaktari wenye hospitali, maktaba na mishahara walihitaji muda huo wote kuwatambua, kutojua kwa shosho wa Bahati kunathibitisha jambo moja tu: hakuna aliyewahi kumweleza.

Na huku kwetu walionekana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Victor Lotter, mtafiti aliyefanya hesabu ya kwanza ya watoto wenye usonji katika eneo la Middlesex, Uingereza, baadaye alizunguka taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Matokeo yake yalichapishwa 1978. Watoto wenye usonji aliwapata. Walikuwa wachache, kwa sababu alitafuta ndani ya taasisi tu na taasisi zenyewe zilikuwa za kuhesabika, lakini aliwapata, zaidi ya miaka 20 kabla simu za mkononi hazijaenea nchini.

Wengine walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani. Walikuwa wakichunga mbuzi mahali pasipohitaji maneno. Walikuwa wakiitwa bubu ingawa masikio na koo vilikuwa vizima, au zezeta, au taahira, au "yule mtoto wa fulani ambaye haongei na watu". Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa wakoloni ilikuwa na maneno yake, makali kuliko hayo, na iliwatia wote katika kapu moja. Aliyekua akawa na nguvu, akampiga mtu au akavunja vitu, aliweza kuishia hospitali ya Mathari, au katika wodi za wagonjwa wa akili za Gilgil, na huko akaandikiwa jina la ugonjwa mwingine.

Wengine hawakukua. Baadhi ya watu wenye usonji wana kifafa pia, na watoto wengi wa hali hii hutangatanga: huvutwa na maji, hawaogopi moto, hawajali gari likija. Katika miaka ya uhuru, Kenya ilikuwa ikipoteza karibu mtoto mmoja kati ya watano kabla hajatimiza miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata vifo 41 kwa kila watoto 1,000. Mtoto mwenye usonji ambaye mwaka 1960 angezikwa akiwa na miaka mitatu, na watu wakasema homa imemchukua, leo anafika darasa la kwanza.

Na darasa la kwanza ndilo lililowafichua. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Mtoto asiyeweza kukaa kwenye dawati, anayeziba masikio kengele ikilia, anayerudia swali la mwalimu badala ya kulijibu, sasa alikuwa mbele ya mwalimu, na mwalimu alilazimika kuuliza huyu ana nini. Mwaka huohuo Felicity Ngungu na wazazi wenzake walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu nayo ni ya 2003. Mtu anayekumbuka kwamba alianza kusikia habari za usonji miaka hiyo anakumbuka sawasawa. Alichokiona kikianza ni shule kuwapokea watoto ambao awali haikuwapokea.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema "ni ugonjwa wa wazungu" wanapaswa kulijua, kwa kuwa wengi wao husema hivyo kwa fahari ya Uafrika. Wazo la kwamba kuna hali za akili zisizompata Mwafrika hatukulitunga sisi. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kwamba Waafrika hawapatwi sana na sonona. Hoja yake aliijenga juu ya watu waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa huko walikuwa hasa wale waliosumbua majirani, polisi na mahakama. Mtu aliyekaa kimya nyumbani na huzuni yake hakuhesabiwa. Kutokana na hesabu hiyo alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika hauitumii sehemu ya mbele ipasavyo, na Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Anayesema leo kwamba sisi hatuna usonji anarudia kosa lilelile la kuhesabu, na anatusemea maneno ya mtu aliyetudharau.

Na hapa kuna mkanganyo ambao sijapata mtu wa kunifafanulia. Watu walewale wanaosema usonji ni mpya husema pia kwamba ni laana ya ukoo, au pepo, au uchawi. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya na Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa 2015, uliwauliza wazazi na wataalamu kuhusu chanzo cha usonji. Majibu ya mapepo, uchawi na laana yalikuwa mengi, na palikuwa na waganga wa kuendewa. Nakuru nako hali ni hiyohiyo. Kinachobadilika ni jina la laana kutoka jamii hadi jamii. Sasa, kama wazee walikuwa na maelezo ya mtoto asiyesema, walijua anapelekwa kwa nani na anachinjiwa nini, basi walimwona. Huwezi kuwa na tambiko la kale kwa ajili ya ugonjwa ulioingia juzi.

2. "Mbona idadi inapanda?"

Inapanda. Mwaka 2000 hesabu ya Marekani ilikuwa mtoto mmoja kwa kila watoto 150 wenye umri wa miaka minane. Hesabu ya 2022, iliyotangazwa 2025, ni mmoja kwa kila 31. Anayeziweka tarakimu hizo mbili pamoja bila kueleza kilichotokea katikati anamtisha msikilizaji bure.

Kipimo ndicho kilichobadilika. Lotter mwaka 1966 aliwatafuta watoto waliofanana kabisa na wale wa Kanner, akapata 4.5 kwa kila 10,000. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walichunguza watoto wa Camberwell, London, lakini wao waliwatazama pia wale wenye sehemu tu ya dalili, na wale wenye usonji pamoja na ulemavu wa akili. Wakapata takriban 20 kwa kila 10,000. Hapo ni nchi moja, na tofauti ni miaka 13. Baadaye, mwaka 1994, vitabu rasmi vikawaingiza watu wanaosema vizuri na kusoma vizuri lakini wanahangaika katika mahusiano. Mwaka 2013 yote yakaunganishwa chini ya wigo mmoja. Marekani iliuweka usonji katika sheria ya elimu maalum mwaka 1990, na kadiri watoto wa usonji walivyoongezeka kwenye rejista za shule, ndivyo idadi ya walioandikwa kuwa na ulemavu wa akili ilivyopungua. Nchini Denmark, uchambuzi wa 2015 ulionyesha kwamba mabadiliko ya vigezo na ya namna ya kuandikisha yalieleza asilimia 60 ya ongezeko.

Sehemu inayobaki huenda ina ongezeko la kweli ndani yake. Watoto njiti wanapona kwa wingi kuliko zamani, na watu wanazaa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Yote mawili yanahusishwa na usonji. Sikatai hilo. Lakini toka hapo hadi "zamani haukuwepo" ni mbali sana.

Na tusisahau kwamba hizo ni hesabu za Marekani na Denmark. Sensa yetu ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ikauliza kuhusu ualbino. Usonji haikuuliza. Anayesema umeongezeka Nakuru hana tarakimu ya jana ya kulinganisha na ya leo.

3. "Ni chanjo." "Basi ni Panadol."

Mashtaka dhidi ya chanjo yana mwaka wake na mwandishi wake. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, wakidokeza uhusiano kati ya usonji na chanjo inayochanganya surua, matumbwitumbwi na rubella. Mwaka 2010 jarida liliiondoa makala hiyo, na Wakefield akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Lakini mtu wa Nakuru ana sababu nyingine ya kuyatupa mashtaka haya, na sijaisikia ikitajwa. Chanjo iliyoshtakiwa na Wakefield haikuwa katika ratiba ya chanjo za serikali ya Kenya. Mtoto aliyepelekwa kliniki ya serikali hapa kwa miaka mingi alidungwa chanjo ya surua peke yake akiwa na miezi 9. Dozi ya pili, ya miezi 18, ilianza 2013, na rubella ikaongezwa kuanzia 2016. Watu waliichukua hofu ya Uingereza nzimanzima, wakaileta Kaptembwo, bila kuuliza kama sindano yenyewe ilifika.

Najua kwa nini inashika. Takriban theluthi moja ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyokuwa nayo, kwa kawaida kati ya miezi 15 na 24, na dozi ya pili iko katikati ya kipindi hicho. Mama anakumbuka sindano kwa sababu mtoto alilia na kadi ikaandikwa tarehe. Hakuna aliyeandika tarehe mtoto alipoacha kugeuka akiitwa, na dalili hiyo mara nyingi hutangulia.

Septemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwaonya wajawazito dhidi ya paracetamol, yaani Panadol, kwa sababu ya usonji. Haikuchukua muda onyo likawa linazunguka kwenye simu zetu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024, wenye watoto karibu milioni 2.5, ulikuwa umeshalijibu: walipolinganishwa ndugu wa mama mmoja, aliyetumia dawa katika mimba moja na kutoitumia katika nyingine, tofauti ilipotea. Mjamzito wa Rhonda mwenye homa kali anayeogopa kuteremsha joto lake anajiweka katika hatari inayojulikana ili kuikimbia isiyothibitishwa.

4. "Ni simu"

Hili nitalijibu kwa kifupi. Nimekaa katika chumba cha tathmini nikamtazama mwalimu akimpima mvulana wa miaka minne. Mezani palikuwa na vifuniko vya soda vya rangi, shanga na uzi, kikombe, na picha za ng'ombe na gari. Mwalimu alimwita mtoto kwa jina mara tatu, hakugeuka. Akakunjua karatasi ya peremende nyuma yake, taratibu. Akageuka papo hapo. Masikio yalikuwa mazima. Alipotaka kikombe hakunyoosha kidole: alimshika mama kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wa mama kwenye kikombe, bila kumtazama usoni. Halafu akavipanga vifuniko mstari mmoja, vyekundu mbele, na mwalimu alipokiondoa kimoja mtoto alipiga ukelele uliosikika hadi uani.

Mtoto wa kwanza katika ripoti ya Kanner, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1933, naye alikuwa akizungusha vitu sakafuni na kulia akivurugiwa mpangilio. Kwao hapakuwa na televisheni. Simu inaweza kumchelewesha mtoto kusema, na kuiweka mbali na watoto wadogo ni jambo jema, ila mtoto aliyecheleweshwa na simu, ukimnyang'anya na kucheza naye, hukutazama, hukuonyesha kwa kidole, huleta kitu ukione. Na katika nyumba nyingi mpangilio wa mambo ni kinyume cha unavyosimuliwa: mtoto alikataliwa shule, mama hana wa kumwachia, anapika na kufua huku mtoto akipiga kichwa ukutani, na simu ndiyo pekee inayomtuliza. Jirani anaingia, anaiona simu, anatoa hukumu.

5. "Ni mama"

Hapa ndipo hoja zote huishia. Chanjo, nani alimpeleka? Panadol, nani alimeza? Simu, nani alimpa? Laana, imetoka ukoo wa nani? Baba hutajwa mara chache, na mara nyingi hutajwa kwa kuwa ameondoka.

Lawama hii ilikwisha kujaribiwa na madaktari wenye vyeo, na ikaporomoka. Kanner mwenyewe, baada ya kuandika mwaka 1943 kwamba watoto hawa wamezaliwa hivyo, alianza kuwasema wazazi wao kuwa watu baridi wasio na upendo. Bruno Bettelheim akalishika wazo hilo, na katika kitabu chake cha 1967 akafundisha kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama hakumtaka. Watoto walitenganishwa na mama zao kwa jina la tiba. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga nadharia hiyo kwa kitabu kizima mwaka 1964. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangaza kuwa hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za pacha: kati ya jozi 11 za pacha wa kufanana, katika 4 wote wawili walikuwa na usonji; kati ya jozi 10 za pacha wasiofanana, hapakuwa na hata moja ya namna hiyo. Urithi ulikuwa na sehemu kubwa. Tangu hapo mamia ya jeni yamehusishwa na usonji. Hutoka pande zote mbili za uzazi, na mengine ni mabadiliko mapya ambayo hayakuwa kwa mama wala kwa baba. Wanaotafuta ukoo wa kulaumu hawatapata msaada humo.

Hata dai jingine, kwamba usonji ni "ugonjwa wa matajiri", lilitoka kwa madaktari haohao. Wazazi wa watoto wa Kanner walikuwa wasomi kwa sababu ni wasomi waliojua njia ya kumfikia Baltimore. Lorna Wing alipokwenda kuwatafuta watoto wenyewe mitaani, tofauti ya tabaka ilitoweka. Hapa Kenya, mtoto aliyepata jina la hali yake mapema ni yule ambaye wazazi wake waliweza kulipia daktari Nairobi. Mwenzake wa Langa Langa anaitwa mtundu.

Sisi wa Nakuru tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua kosa hili. Watu wetu wamebeba meno ya kahawia vizazi kwa vizazi, na ugenini wakachekwa kuwa hawapigi mswaki, mpaka ikajulikana kwamba maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kupita kiasi, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ikaanza kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Waliolaumiwa hawakuwa na kosa. Tunajua inavyouma kusingiziwa uchafu kwa jambo lililo ardhini. Kisha asubuhi, kwenye matatu ya kutoka Kaptembwo, mtoto anaziba masikio na kupiga kelele kwa sababu muziki unamuumiza, na makanga anamwambia mama yake, "Mathe, si umchape huyo?" Na abiria wanaunga mkono.

6. Gharama isiyotajwa

Imani hii ina bei, na wanaoieneza hawailipi wao.

Bei ya kwanza ni miaka. Usonji unaweza kutambuliwa mtoto akiwa na miaka miwili, na mafunzo ya mawasiliano yana manufaa zaidi yakianza mapema. Mzazi aliyeambiwa kwamba ni pepo huanza kwa maombi, na sina neno na maombi. Nina neno na anayemwambia asiende hospitali kwa kuwa kwenda ni kukosa imani. Mwaka mmoja unapita hivyo. Mwingine unakwenda kwa mganga, mwingine kwenye mlo wa pekee na dawa za kusafisha mwili. Dawa hizo si mchezo: mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alikufa Pennsylvania, Marekani, akiwa anadungwa dawa ya kutoa madini mwilini, aliyopewa kumtibu usonji. Familia inauza shamba la Subukia, mtoto anafika tathmini akiwa na miaka minane, na mama anaulizwa alikuwa wapi siku zote.

Bei ya pili ni surua. Anayekataa chanjo kwa kuogopa usonji anamwacha mtoto wazi kwa ugonjwa unaoua na unaoweza kuharibu ubongo.

Bei ya tatu inalipwa na kaunti nzima, na ndiyo iliyofichika kuliko zote. Baba anayeamini kwamba hali hii imeingia tu na itatoka hamwandikishi mtoto. Asipoandikishwa hapati kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na mlango wa zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali hutoa kwa walio na ulemavu mkubwa unabaki umefungwa. Asipohesabiwa, afisa wa elimu hana sababu ya kuomba mwalimu wa kitengo maalum, na mwakilishi wa wadi hana tarakimu ya kuweka katika bajeti. Vituo vya tathmini ya elimu vilianzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalum mwaka 1986. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025. Miundo ipo, lakini wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache na wengi wako Nairobi. Ofisi inayosikia kutoka kwa wananchi wenyewe kwamba usonji ni wimbi la kupita haitaajiri mtu kwa ajili ya wimbi.

Na watu wazima? Kama usonji ulianza juzi, basi hakuna mtu mzima mwenye usonji, wala hakuna haja ya kumpangia kazi wala makao. Ila wapo. Yuko mwanamume wa miaka 50 nyuma ya nyumba ya dadake, asiyesema, anayekula akipewa. Dada huyo akifa hatuna jibu la nani atampa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili asiyeitika jina lake, asiyenyoosha kidole, au aliyepoteza maneno, asingoje: ampeleke hospitali akapimwe masikio, kisha aulize kituo cha tathmini cha kaunti ndogo yake kiko wapi, hata kama mchungaji na mama mkwe wana maelezo mengine. Na wabunge wetu, pamoja na wale walio katika bunge la kaunti, waidai idara ya takwimu swali moja. Sensa ijayo inatarajiwa 2029. Usonji uulizwe, na karani akifika mlangoni pako, mtoe mtoto chumbani, mtaje kwa jina, aandikwe.